Bado Hajasifiwa

Katoni sita zilishuka Miyomboni siku ya Jumanne,
nikazihesabu mimi, kalamu sikioni:
mvinyo mweupe wa Italia, bei ya chini kuliko yote dukani.
Bosi akasema, Yustina, huo uweke karibu na mlango,
wenye haraka hawasomi lebo.

Mimi nilisoma. Kiitaliano sikijui,
ila mapadri wa Tosamaganga walituachia maneno mawili matatu
kama wageni wanaosahau kofia.
*Famiglia*. Hilo nalifahamu.
Chini yake kilima, nyumba ya mawe,
na watu wanne wamejipanga kama siku ya ubatizo:
mzee, mkewe, kijana,
na binti aliyekunja mikono ya shati.
Nikamtazama sana yule binti.

Nikachukua chupa moja, ikakatwa kwenye mshahara.
Nikaiviringisha kwenye kanga, nikaipakata hadi Kidabaga,
ukungu ukiwa bado haujaamua kuondoka.

Baba hakuuliza bei.
Kizibo tulikisukuma ndani kwa mpini wa kisu
kilekile anachokatia mianzi.
Akanusa kwanza, kama anavyonusa mbeta alfajiri
kujua kama nyuki walizama usiku.
Akanywa.
Jogoo wa kwa Mama Skolastika akawika mara mbili, hakujibiwa.

"Huyu hakutia maji," akasema.
Akanywa tena.
"Huyu bado hajasifiwa."

Ndipo nikaielewa ile bei.

"Amekata lini?"
Hawakati, Baba. Wanachuma. Zabibu.
"Na umefikaje huku bila kuchacha?"
Nikakosa jibu, akalitoa mwenyewe:
wetu haujui safari.
Asubuhi ni togwa, mtoto anakunywa,
jioni ni mkangafu,
kesho kutwa ni kesi kwa mtendaji.
Ukiufungia chupani unapasua chupa.
Alisema hivyo kwa fahari kidogo,
kama anayemsema mwanawe mkorofi mbele za watu.

Kisha akaishika lebo mbali na macho.
Kidole chake chenye kovu
kikapita juu ya mzee, juu ya mkewe, juu ya kijana,
kikasimama.
"Huyu amebaki?"

Nyuma ya nyumba mianzi ilikuwa ikisuguana.
Mashina kumi na saba.
Kabla Vitalisi hajahamia Makambako yalikuwa arobaini,
na mimi nilikuwa nayajua kwa majina,
lile Kiziwi, lile Bibi Harusi,
lile lililomwaga sana mwaka wa mvua nyingi
tukaliita Benki.

Labda ni picha tu, Baba, nikasema.
Labda kesho yake alipanda treni.

Hakunijibu. Akamimina kilichobaki,
akanigawia mimi kikombe kikubwa.
Tukanywa jasho la watu tusiowajua,
jepesi, lenye ukali wa tofaa bichi mwishoni,
na hakuna kati yetu aliyesema neno zuri zaidi ya lile la kwanza.
Tuliogopa lisije likawafikia.

Pasaka nilirudi.
Chupa ilikuwa imening'inia kwa kamba ya katani
chini ya ncha ya Bibi Harusi.
Mvua ilishalowesha lebo:
mzee ameondoka, mkewe ameondoka, kijana kabaki kiatu.
Binti yupo, nusu yake,
mikono ya shati bado imekunjwa,
na juu ya kichwa chake mwanzi unadondosha
tone,
unanyamaza,
tone.

Nikaifungua, nikaonja kwa kidole.
Baba alikuwa kasimama mlangoni, ananitazama kinywa.

Nilikuwa na neno ulimini, limeiva kabisa.
Nikalimeza.
Nikairudisha chupa mahali pake, nikakaza kamba.

"Inavuja kidogo hapa juu," nikasema.
"Niletee kisu."